Fidla ya Laki Tatu na Fidla ya Mabilioni: Bei Inalipia Nini Hasa?

Mwalimu wa kwaya jijini Mwanza anayewatafutia vijana wake fidla hukutana na bei mbili zisizopatana hata kidogo. Kwa mfanyabiashara anayeagiza mizigo kutoka China, anapata fidla mpya pamoja na upinde, mfuko na kipande cha rozini (utomvu mkavu wa kupaka upinde) kwa shilingi laki tatu hivi. Akifungua simu yake, anasoma kwamba fidla iitwayo Lady Blunt, iliyotengenezwa na fundi Mwitaliano Antonio Stradivari mwaka 1721, iliuzwa mnadani mwezi Juni 2011 kwa pauni za Uingereza milioni 9.8, fedha ambazo kwa shilingi zetu ni makumi ya mabilioni. Vyombo vyote viwili vina nyuzi nne, umbo lile lile na mwili wenye urefu wa takriban sentimita 35.5. Ni haki yake kuuliza tofauti hiyo inalipia nini, na jibu analopewa kwa haraka ni kwamba inalipia sauti. Jibu hilo si sahihi, na linamwumiza mnunuzi mdogo kuliko tajiri, kwa sababu mnunuzi mdogo huishia kukimbilia jina, umri au mng'ao wa vanishi, akayaacha mambo machache yanayoamua kama chombo kitapigika au hakitapigika.

Watu wa pwani za Ziwa Victoria hawana haja ya kufundishwa kwamba uzi ukikokotwa kwa upinde hutoa sauti. Wajaluo wa Rorya, na wenzao wa Kenya, wana orutu, chombo cha uzi mmoja chenye mzinga wa mti uliowambwa ngozi ya kenge; Waganda wana endingidi, ambayo ni ya jamaa hiyo hiyo. Fidla na selo, ndugu yake mkubwa mwenye sauti nzito, zimeachana na vyombo hivyo katika jambo moja kubwa: mahali pa ngozi iliyowambwa, zenyewe zina ubao wa mti wenye unene wa milimita tatu hivi, na karibu kila ugumu wa kazi ya fundi wa fidla unatokana na ubao huo.

Upinde uliopakwa rozini hunata kwenye uzi na kuuvuta pembeni, kisha uzi huponyoka na kurudi, na kunata huko na kuponyoka hurudiwa mara nyingi mno kwa sekunde. Uzi wa A wa fidla hufanya hivyo mara 440. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyeueleza vizuri mwendo huo katika karne ya 19. Lakini uzi ni mwembamba, hauwezi peke yake kusukuma hewa ya kutosha kuujaza ukumbi, kwa hiyo mtikisiko wake hupitishwa kwenye kidaraja kinachobeba nyuzi, nacho huyumba kulia na kushoto. Karibu kabisa na mguu mmoja wa kidaraja, upande wa uzi mwembamba, ndani ya chombo kuna nguzo, yaani kijiti cha mviringo chenye unene wa milimita sita hivi, ambacho hakikugundishwa popote bali kimebanwa tu kati ya kifua, yaani ubao wa mbele, na mgongo wa fidla. Chini ya mguu wa pili, upande wa uzi mnene, kuna boriti nyembamba iliyogundishwa kwa urefu kwenye kifua. Mguu ulio karibu na nguzo hausogei sana. Ule wa upande wa boriti hupanda na kushuka, na kifua kizima hutikisika pamoja nao, huku hewa iliyomo ndani ikiingia na kutoka kupitia matundu mawili yenye umbo la herufi f.

Nyuzi nne za fidla zikikazwa sawasawa huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 20, na sehemu ya mvuto huo, kilo saba, nane au zaidi, hukandamiza kifua kupitia kidaraja. Ubao basi unatakiwa uwe mwembamba na mwepesi ili utikisike kwa nguvu ndogo ya uzi, na papo hapo uwe mkakamavu kiasi cha kubeba mzigo huo miaka na miaka bila kubonyea. Seremala wa Mwanza akiachiwa achague mbao mwenyewe, huenda moja kwa moja kwenye mninga au mvule, kwa kuwa katika samani ubora ni uzito, uimara na kutoliwa na mchwa. Katika kifua cha fidla hesabu hiyo inageuka juu chini. Mti unaotumika ni sprusi, jamaa wa msonobari, ulioota polepole kwenye milima ya baridi ya Ulaya, kama ile ya Val di Fiemme kaskazini mwa Italia, ili mistari yake ya kila mwaka ikaribiane. Msonobari wa mashamba yetu ya Sao Hill hukua haraka, mistari yake ni mipana, na mbao zake zinafaa kwa kenchi na mbao za ujenzi, si kwa kifua cha fidla. Mgongo, mbavu (kuta za pembeni) na shingo hutengenezwa kwa mepo, mti mgumu zaidi ambao mawimbi ya nyuzinyuzi zake ndiyo yanayoonekana yakimeremeta chini ya vanishi. Nao mpingo wa Lindi na Ruvuma, mti wetu unaosifiwa na wanamuziki wa dunia nzima, ni mzito hata hauelei majini. Umetengeneza jina lake katika ala za kupuliza kama klarineti na obo, na katika fidla hufaa kwa vigingi vya kukazia nyuzi na kishikio cha nyuzi mkiani, sehemu zinazosuguliwa au kuvutwa, ambazo hazitegemewi kutikisika.

Sasa ndipo inapoeleweka kwa nini mkono wa fundi bado una thamani. Mbao mbili za kifua hupasuliwa kutoka gogo moja na kuunganishwa katikati, baada ya kukaushwa kwa miaka. Kule kuvimba kwa kifua hakupatikani kwa kukunja ubao. Kunachongwa kutoka ubao mnene kwa patasi ya mviringo, kisha kwa randa ndogo za shaba, nyingine fupi kuliko kidole gumba, na mwisho kwa kikwaruzo cha chuma. Fundi akishamaliza nje hugeuza ubao na kuuchimba ndani, akipima unene hatua kwa hatua: kifua hubaki na milimita mbili na nusu hadi tatu, mgongo hubaki na nne na nusu hivi katikati ukipungua kuelekea kingoni. Anaushika kwa vidole viwili, anaugonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa pili, anasikiliza, anaupinda kidogo kwa mikono miwili kuona unavyokataa, kisha anakwaruza tena upande mmoja tu. Anafanya hivyo kwa sababu mbao mbili, hata za mti mmoja, hazilingani ukakamavu. Unene unaofaa ubao huu utaufanya ule uwe mzito na bubu, au uwe dhaifu. Mashine ya kiwandani huzipa mbao zote kipimo kimoja, na kiwanda chenye busara ya biashara huacha mbao ziwe nene kidogo ili zisipasuke na kurudishwa na wateja. Fidla nyingi za bei nafuu zina sauti iliyofungika kwa sababu hiyo tu.

Hata hivyo, maneno "imetengenezwa kwa mkono" peke yake hayamthibitishii mnunuzi kitu. Miji ya Mirecourt nchini Ufaransa na Markneukirchen nchini Ujerumani ilitoa vyombo vingi mno katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vyote vikichongwa kwa mikono, lakini kazi iligawanywa: huyu alichonga vichwa siku nzima, yule mbavu, mwingine alipaka vanishi, na wote walilipwa kwa idadi. Leo mji wa Huangqiao nchini China unafanya kazi kwa mtindo unaofanana na huo, ukichanganya mikono na mashine. Kwa maoni yangu, swali la maana si kama mkono ulishika patasi, bali ni kama kuna mtu mmoja aliyeufuata ubao ule ule tangu mwanzo hadi nyuzi zilipofungwa, akirekebisha kila hatua kulingana na hatua iliyotangulia. Kazi ya namna hiyo huchukua saa 200 na kuendelea kwa fidla moja, na selo, ambayo mwili wake una urefu wa sentimita 75 hivi, huchukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Fundi aliye hai anayeheshimika akiuza fidla yake kwa dola 10,000 au 20,000, sehemu kubwa ya bei hiyo inaweza kuelezwa: mbao, saa, na miaka ya kujifunza. Ni juu ya kiwango hicho ndipo bei huanza kulipia mambo mengine.

Mambo hayo mengine yanaanzia Cremona, mji wa kaskazini mwa Italia, ambako Andrea Amati, aliyefariki mwaka 1577, aliipa fidla umbo tunalolijua. Mjukuu wake, Nicolò Amati, alinusurika tauni ya mwaka 1630 iliyofagia watu wengi wa mji huo, akaanza kuchukua wanafunzi wasio wa ukoo wake, na kwa mlango huo ufundi ukatoka katika nyumba moja na kuwa wa mji. Stradivari alifariki mwaka 1737 akiwa na umri wa miaka 90 na ushee. Vyombo vyake vipatavyo 650 vipo hadi leo. Giuseppe Guarneri, fundi mwingine wa Cremona maarufu kama del Gesù, alifariki mwaka 1744, na vyake vilivyosalia ni vichache zaidi. Vitu visivyoongezeka, vinavyotakiwa na wanamuziki, makumbusho, benki na matajiri kwa pamoja, lazima vipande bei, hata kama visingelia vizuri kuliko vingine.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba fidla ya Stradivari inayosikika ukumbini leo si ile aliyoiuza mwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 18, kumbi zilipokuwa kubwa na wanamuziki wakataka sauti yenye nguvu, karibu vyombo vyote vya zamani vilifunguliwa: shingo zikabadilishwa au kurefushwa na kuinamishwa zaidi nyuma, boriti ya ndani ikawekwa kubwa zaidi, kidaraja kikapanda. Selo nyingi za karne ya 17, ambazo zilikuwa kubwa mno, zilikatwa kingo ili zipungue, wakati Stradivari mwenyewe alishahamia umbo dogo zaidi tangu mwaka 1707 hivi, umbo ambalo mafundi wengi wa selo wanalifuata mpaka sasa. Kwa hiyo anayesifia sauti ya Cremona anasifia pia kazi ya mafundi wa Paris na London ambao majina yao hayajaandikwa popote ndani ya chombo.

Je, sauti hiyo kweli ni bora? Mtafiti Claudia Fritz na fundi Joseph Curtin waliamua kulipima suala hilo. Huko Indianapolis, Marekani, mwaka 2010, wapigaji 21 walivaa miwani iliyowazuia kuona, wakajaribu fidla sita gizani: tatu mpya, mbili za Stradivari na moja ya Guarneri. Fidla iliyopendwa zaidi ilikuwa mpya, iliyopendwa kidogo kuliko zote ilikuwa ya Stradivari, na wengi hawakuweza kutambua ipi ni ya zamani. Wapinzani walisema, kwa haki, kwamba chumba cha hoteli si ukumbi. Mwaka 2012 jaribio lilirudiwa karibu na Paris, kwa wapigaji 10 mashuhuri, fidla 12 na ukumbi halisi, na matokeo yakaelekea kule kule. Sioni kwamba majaribio hayo yanazishusha fidla za Cremona. Ni vyombo vizuri ajabu, na mafundi wa leo wamefika hapo walipo kwa kuvipima na kuviiga. Yanachoonyesha ni kwamba bei ya mabilioni hulipia uchache, historia, uzuri wa macho na uhakika wa kuuza tena kwa bei ya juu zaidi, na sauti ni sehemu ndogo ya hesabu hiyo. Nadharia za siri ya vanishi, dawa za mbao na baridi kali ya Ulaya ya karne ya 17 zinavutia kusoma, ila hakuna hata moja iliyomaliza ubishi.

Kuna mtego mmoja unaotokana na majina hayo, na kandokando ya ziwa unaweza kumnasa yeyote anayekuta fidla ya zamani iliyoachwa na mmisionari au kurithiwa kutoka kwa mwalimu. Ukichungulia kupitia tundu la f la upande wa kushoto, unaweza kuona karatasi iliyoandikwa kwa Kilatini jina la Antonius Stradivarius wa Cremona na mwaka unaoanza na 17. Viwanda vya Ujerumani, Bohemia (leo sehemu ya Jamhuri ya Czech) na Ufaransa vilibandika karatasi za aina hiyo kwa wingi usiohesabika, kuonyesha tu ni umbo la nani lililoigwa. Ikiwa chini ya jina hilo kuna maneno yanayotaja nchi ilikotengenezwa, chombo kiliandaliwa kwa soko la nje, kwani sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 ilianza kudai bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Fidla kama hiyo inaweza kuwa nzuri kupiga, na nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei yake, lakini isinunuliwe kwa karatasi.

Upinde hudharauliwa na wanaoanza, ilhali ndio unaogusa uzi. Umbo lake la sasa lilikamilishwa na François Xavier Tourte wa Paris, aliyeishi kati ya mwaka 1747 na 1835, na upinde wake mmoja umewahi kuuzwa kwa zaidi ya euro 500,000. Alichagua pernambuko, mti wa pwani ya Brazili uliokuwa ukipelekwa Ulaya kwa ajili ya rangi nyekundu ya vitambaa, kwa sababu ni mzito, mkakamavu na una mruko. Fito haichongwi ikiwa imepinda. Huchongwa imenyooka, kisha hupashwa moto mkavu na kukunjwa kuelekea upande wa singa, yaani nywele za mkia wa farasi zinazogusa uzi, na ikipoa hubaki hivyo kwa miongo. Upinde wa fidla una uzito wa gramu 60 hivi, wa selo 80 hivi, na gramu chache zikihama kutoka kisiginoni kwenda nchani mkono wa mpigaji hutambua mara moja. Pernambuko imekatwa mno, na tangu mwaka 2007 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, mkataba ule ule uliokuja kuzigusa jamii zote za mpingo miaka kumi baadaye. Kwa Mwanza mimi ningependekeza bila kusita upinde wa nyuzi za kaboni: haupindi kwa unyevu, haukatiki ovyo, na ule wa bei ya kati huushinda upinde wa mti wa bei hiyo hiyo.

Unyevu wenyewe unahitaji kusemwa kwa kirefu kidogo, kwa sababu fidla hugundishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo hulainika kwa joto na maji. Hilo si uzembe. Mbao zikivimba wakati wa masika na kusinyaa kiangazi, gundi huachia kwenye ungio kabla ubao haujapasuka, na ungio hugundishwa tena kwa kazi ndogo. Seremala anayelirekebisha kwa gundi nyeupe ya dukani, ambayo haiachii kirahisi, anaiandalia fidla ufa wa baadaye. Warekebishaji wa Ulaya hutumia pia gundi ya mabondo ya samaki, hasa ya samaki aitwaye stajoni, kuunganisha nyufa nyembamba. Mabondo ya sangara yanayopimwa kwa uangalifu mkubwa kuliko minofu katika biashara ya samaki ya Mwanza huenda zaidi Asia kuliwa, lakini ni malighafi ya jamii hiyo hiyo, na sijui kwa nini mafundi wetu wa ala wasiijaribu. Gari lililofungwa juani, au chumba cha bati kisicho na dari, hutosha kufungua fidla mchana mmoja. Mfuko ukiachwa gizani bila kufunguliwa kwa majuma, wadudu wadogo huingia na kula singa za upinde.

Basi mwalimu wetu mwenye laki chache azitumieje? Atafute fidla ambayo kifua chake ni cha mti mzima, si plaiwudi yenye mistari iliyochorwa. Ukingo wa tundu la f huonyesha, kwa kuwa mistari ya mti mzima hupenya unene wote. Abakize theluthi ya fedha kwa ajili ya kurekebisha. Kidaraja cha kiwandani huja kinene na kirefu kupita kiasi. Kipunguzwe kwa tupa mpaka ukingo wake wa juu ubaki na milimita 1.3 hivi, na nyuzi zisimame juu ya mwisho wa ubao wa vidole (ule ambao nyuzi hubonyezwa juu yake) kwa milimita tatu na nusu upande wa uzi mwembamba na tano na nusu upande wa uzi mnene. Nyuzi zikikaa juu zaidi ya hapo, mtoto wa miaka tisa huumia vidole na kuacha fidla, na watu husema hana kipaji. Vigingi vinavyoteleza visuguliwe kwa chaki kidogo na sabuni ya mche. Nyuzi za chuma kali zilizokuja na chombo zibadilishwe mapema. Nguzo isimame milimita mbili au tatu nyuma ya mguu wa kidaraja, wima, ikikaa sawasawa juu na chini. Ikianguka, na siku moja itaanguka, nyuzi zote zilegezwe papo hapo na zisikazwe tena mpaka irudishwe mahali pake, maana kifua chembamba kilichoachwa na mzigo wote bila nguzo kinaweza kubonyea au kupasuka.